Matbaa ya Ekero isiende kwa wanunuzi wa chuma chakavu

Mwezi uliopita nilikwenda Ekero, karibu na mji wa Mumias katika kaunti ya Kakamega, kwa harusi ya mtoto wa rafiki yangu. Kwa sisi wa pwani Mumias si ugenini. Misafara ya wafanyabiashara wa Kiswahili ilikuwa ikifika kwa Nabongo wa Wawanga kabla Mwingereza hajaleta reli, na mji huo ulikuwa makao ya utawala wa magharibi mpaka 1920, serikali ilipohamia Kakamega. Misikiti ipo, madrasa zipo, na Kiswahili utakisikia sokoni kama uko Majengo. Ukishuka kwenye basi baada ya kukesha njiani, mtu anakupokea kwa salamu unayoijua.

Kilichonishangaza ni kadi ya harusi. Niliposhika ile karatasi, kidole kilihisi mabonde ya herufi. Haikuwa kazi ya kompyuta. Nikauliza imechapwa wapi, nikaambiwa "hapo nyuma ya soko, kwa mzee". Nikapelekwa.

Ni chumba kimoja chenye paa la mabati. Ndani kuna mashine ya chapa ya kukanyaga kwa mguu, nyeusi, jina la kiwandani limefutika kwa miaka. Ukutani kuna kabati la trei za mbao, kila trei imegawanywa vijumba vidogo, na kila kijumba kina herufi yake ya risasi. Mzee mwenyewe ni Mwanga, Muislamu, umri wake umepita sabini. Huchapa risiti za madrasa, kadi za harusi na tiketi za michango.

"Karibu, ndugu yangu wa Mombasa," akaniambia. "Umewahi kuja. Wiki ijayo ungekuta chumba kitupu."

Mnunuzi wa chuma chakavu ameshamfikia mara mbili. Mashine itapimwa kwa kilo, risasi itapimwa kwa kilo, basi. Mjukuu wake anasoma Kakamega mjini, katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, na amemwambia babu yake wazi kwamba kazi hii imepitwa na wakati. Sikumlaumu kijana. Mimi mwenyewe nilisomea stashahada ya uandishi wa habari, na katika masomo yote yale sikuwahi kushika herufi hata moja mkononi. Kila kitu kilikuwa kwenye skrini.

Makala haya nayaandika kwa sababu naona kijana amekosea, na sisi waliotufundisha tulikosewa. Lakini kwanza nieleze kazi yenyewe, maana wasomaji wengi hawajaiona.

Uchapaji wa herufi za risasi ni jambo rahisi kulieleza. Kila herufi ni kijiti kidogo cha madini, na kichwani kwake herufi imesimama juu, ikiwa imegeuzwa kama unavyoiona kwenye kioo. Vijiti vyote vina urefu mmoja, milimita 23 na kidogo, ili wino ushike sawa kila mahali. Madini yenyewe ni mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni. Hiyo antimoni ndiyo Waarabu wa kale walioijua kwa jina la ithmidi, ya wanja. Risasi peke yake ni laini mno. Antimoni huipa ugumu, na bati husaidia madini yaingie vizuri kwenye kalibu.

Mpangaji hushika kibao kidogo cha chuma kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia huchukua herufi moja moja kutoka trei. Mstari huupanga kuanzia kushoto, lakini herufi zimekaa kichwa chini. Kwa hivyo "p" anaiona kama "b", na "n" anaiona kama "u". Mzee alinipa kibao akaniambia nipange neno "nuru". Nilipata "unru". Akacheka mpaka akakaa kwenye kigoda.

Mstari ukishajaa lazima usawazishwe kwa vipande vya nafasi, ubane lakini usipinde. Mistari ikishakuwa ukurasa huwekwa ndani ya fremu ya chuma na kukazwa kwa kabari. Fremu ikiinuliwa isidondoke hata herufi moja. Halafu wino, halafu karatasi moja ya kujaribia, halafu kusoma makosa na kuyatoa kwa ncha ya koleo. Baada ya hapo ndipo unakanyaga, karatasi moja baada ya nyingine. Kazi ikiisha, kila herufi hurudishwa kijumbani mwake, moja moja, maana kesho utaihitaji. Hapa ndipo wanafunzi wengi wangekimbia, na hapa ndipo mzee alipoanza akiwa mvulana: mwaka mzima alikuwa akirudisha herufi tu kabla hajaruhusiwa kupanga mstari.

Sasa, faida yake kwa mwanafunzi wa chuo kikuu ni ipi?

Nianze na lugha, kwa sababu hili lilinigusa pale pale chumbani. Nilimuuliza mzee mbona kijumba cha "a" kimebaki na herufi chache na zimesagika, na cha "e" kimejaa herufi kama mpya. Akanijibu: "Hizi herufi zilikatwa kwa Kiingereza." Kumbe herufi huuzwa kwa seti, na kiwanda huhesabu ngapi za kila aina kwa kufuata lugha ya mnunuzi. Seti ya Kiingereza ina "e" nyingi kuliko herufi nyingine zote. Mswahili akiinunua, "a" zinamwishia kabla hajafika nusu ukurasa.

Chukua sentensi hii: "Watu wa pwani wanapenda kahawa na kaimati." Ina herufi 35. Hesabu mwenyewe: "a" ni 12, "e" ni moja tu. Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kusoma fonolojia mihula minne na jambo hili lisimwingie akilini. Akipanga sentensi hiyo kwa vidole atalijua kwa dakika tano, na hatalisahau, kwa sababu atakuwa ameishiwa na "a" katikati ya "kaimati".

La pili ni kukata neno mwishoni mwa mstari. Silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu, isipokuwa pachache, na mpangaji wa zamani alijua kwamba "ng'ombe" hukatwa "ng'o-mbe". Fungua magazeti yetu ya leo uone kompyuta inavyotukatia maneno kwa sheria za Kiingereza: "watot-o", "serik-ali". Mhariri haoni, kwa sababu hakuna aliyewahi kumlazimisha aamue kwa mkono wake neno livunjike wapi. Mimi nimo katika hao wahariri.

Na la tatu ni uzito wa neno. Kwenye kompyuta aya ya ziada haikugharimu kitu. Kwenye risasi kila neno ni kazi ya mkono, na ukurasa ukijaa umejaa. Mwanafunzi wa uandishi wa habari, na Masinde Muliro wana idara hiyo, akipewa habari ya maneno mia tatu aipange kwa herufi kwenye nafasi ya maneno mia moja na hamsini, atajifunza kufupisha bila kufokewa na mtu.

Vyuo vya wenzetu vililiona hili zamani. Mwingereza Ronald McKerrow, mtaalamu wa vitabu vya wakati wa Shakespeare, aliandika katika kitabu chake cha 1927 kwamba ingekuwa vyema kila anayetaka kuhariri maandishi ya zama zile apange na kuchapa kurasa kadhaa mwenyewe, kwa mashine ya mfano wa zama zile. Hoja yake ilikuwa kwamba huwezi kujua kosa la mchapaji limetokea vipi kama hujawahi kulifanya. Vyuo vilimsikiliza. Maktaba ya Bodleian pale Oxford ina karakana ya mashine za mkono ambako wanafunzi hufundishwa, Cambridge wana chumba chao, na Otago, New Zealand, wanayo matbaa ndani ya chuo. Watu hao wana kompyuta nzuri kuliko zetu.

Mtu atasema: hayo ni ya Wazungu, yana historia kwao. Hapo ndipo ninapopenda kubishana, kwa sababu matbaa ina historia kwetu, na sehemu yake kubwa ilikuwa shuleni.

Edward Steere alifika Unguja 1864 pamoja na Askofu Tozer, na misheni yao ikawa na mashine ya chapa. Waliopanga herufi walikuwa vijana waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Mmoja wao, Owen Makanyassa, alikuja kuisimamia matbaa hiyo. Hebu fikiria: vitabu vya mwanzo vya Kiswahili kwa herufi za Kirumi vilipangwa na mikono ya vijana ambao wengi wao Kiswahili wenyewe walijifunza ukubwani. Nia ya misheni ilikuwa kueneza dini yao, sina haja ya kuficha hilo, na wazee wetu walilijua. Lakini kazi ya mikono ile ni yetu sote.

Sultani Barghash naye hakukaa kutazama. Kufikia 1880 alikuwa na matbaa yake Unguja, Al-Matbaa as-Sultaniyya, na kazi kubwa ya mwanzo ilikuwa Qamus ash-Sharia, kitabu cha fiqhi ya Kiibadhi chenye juzuu 90. Kwa herufi za Kiarabu kazi ni ngumu zaidi. Herufi moja ina umbo la mwanzo, la kati, la mwisho na la kusimama peke yake, kwa hivyo trei inakuwa na vijumba vingi mno. Ndiyo maana vitabu vingi vya masharifu na masheikh wa pwani vilipelekwa kuchapwa Bombay na Misri.

Bara nako, Tanga, shule ya serikali ya Wajerumani ilikuwa na matbaa, na gazeti la Kiongozi lilitoka hapo shuleni mwanzoni mwa karne iliyopita. Wanafunzi walijifunza kazi ya chapa kama walivyojifunza hesabu. Buganda, mmisionari Alexander Mackay, aliyekuwa mhandisi, alichonga herufi za mbao ili apate kuchapa Kiganda.

Na Mombasa yetu? Gazeti la African Standard, ambalo leo ni The Standard, lilianzishwa na A. M. Jeevanjee hapa Mombasa 1902 kabla ya kuhamia Nairobi. Na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, kabla hajawa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza na Sahifa, karatasi ndogo, kisha 1932 akatoa Al-Islah. Makala zake yalikusanywa baadaye katika kitabu cha Uwongozi, na mpaka leo barazani utasikia mtu akiyataja. Mtu mmoja, fedha kidogo, na matbaa. Ukiangalia alivyokuwa akisema juu ya elimu na uvivu wetu, utafikiri ameandika jana.

Jambo jingine ambalo matbaa hulifukua ni swali la tahajia. Herufi za risasi hazikubali utata: ama unayo, ama huna. Kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa 1930 ilishika Kiunguja kama msingi wa Kiswahili sanifu, na sisi wa Kimvita tukabaki na sauti ambazo hazina kijumba kwenye trei. Ile "t" ya meno na ile ya ufizi, ile yenye pumzi na isiyo nayo, zote zimetiwa kijumba kimoja. Kabla ya hapo Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki 1890, alikuwa ameshatafuta njia ya kuzitofautisha kwa herufi za Kiarabu. Waluhya nao walipitia mashaka yao katika miaka ya 1940, kamati ilipotaka lahaja zao zote ziandikwe kwa tahajia moja, na mpaka leo Mwanga na Mmaragoli hawajakubaliana. Mwanafunzi akisimama mbele ya trei na kuuliza "mbona sauti yangu haimo?", somo la isimu jamii limeshaanza bila mhadhiri kusema neno.

Sasa nije kwenye pingamizi, maana najua zipo.

Ya kwanza ni afya, na ni ya haki. Sisi watu wa Mombasa hatuhitaji kufundishwa madhara ya risasi. Tuliona Owino Uhuru, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilidhuru familia nzima nzima, mpaka mahakama ikaamua 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3. Lakini kuna tofauti kati ya kuyeyusha risasi na kuishika ikiwa imeganda. Herufi baridi haitoi mvuke. Hatari yake ni vumbi, na ule unga mweupe unaoota juu ya herufi za zamani zilizokaa penye unyevu. Kwa hivyo masharti yako wazi: hapana kula wala kunywa karakanani, mikono ioshwe kwa sabuni kila ukitoka, trei zenye unga mweupe zisiguswe mpaka zisafishwe na anayejua, watoto wadogo na wajawazito wasiingie, na hapana kuyeyusha chochote. Mzee wa Ekero hunywa chai yake karibu na trei. Nilimwambia. Alinitazama tu.

Hapo hapo utaona kwa nini mnunuzi wa chuma chakavu ananitia wasiwasi kwa sababu mbili. Herufi zikichukuliwa zitayeyushwa, na sijui nyuma ya nyumba ya nani.

Pingamizi la pili ni fedha. Hapa nasema wazi kwamba hatuzungumzii kuagiza mashine Ulaya. Mashine ziko. Hata hapa Mombasa mjini kuna matbaa ambazo zimeshahamia kwenye mitambo ya kisasa lakini bado zimeweka Heidelberg ya zamani kwenye kona, kwa kutia nambari za risiti na kukata matundu ya kuchania. Mashine hizo zilitengenezwa mpaka 1985, zina uzito wa zaidi ya tani moja, na zinafanya kazi kama saa. Ile ya Ekero ni ndogo zaidi na haihitaji hata umeme. Gharama ni lori, sakafu nzuri, rola mpya za mpira na mshahara wa fundi. Masinde Muliro ni chuo cha sayansi na teknolojia. Wanafunzi wa uhandisi wakipewa rola iliyochakaa waitengeneze, hilo nalo ni somo.

Herufi zinazopungua je? Hapa teknolojia mpya inamsaidia mzee badala ya kumfukuza. Siku hizi ukurasa unaweza kuandaliwa kwa kompyuta, ukageuzwa kuwa bamba la plastiki lenye herufi zilizoinuka, na bamba hilo likachapwa kwenye mashine ile ile ya zamani. Herufi kubwa zinaweza kukatwa kwa mbao kwa mashine ya leza. Kwa khati za Kiarabu naiona kuwa njia bora kuliko zote: tenzi za Lamu zilizomo kwenye miswada zichapwe kwa bamba, kwa mwandiko wa mwandishi mwenyewe. Naonya tu kwamba bamba halifundishi kupanga. Chuo kikinunua bamba na kuacha trei, kitakuwa kimepata kadi nzuri za harusi na somo limepotea.

La tatu ndilo gumu, nalo halihusu fedha. Mafundi wanakufa. Mashine ya chuma inaweza kungoja miaka ishirini chini ya turubai, lakini mkono unaojua kukaza kabari bila kuvunja herufi haungoji. Hakuna kitabu kitakachokufundisha kusikia kwa sikio kwamba rola imeshika wino kupita kiasi. Mzee alikuwa akizungumza nami huku mguu unakanyaga, akasimama ghafla, akapunguza wino, akaendelea. Nilimuuliza amejuaje. Akasema, "Inalia." Mimi sikusikia kitu.

Ndiyo maana pendekezo langu ni la kawaida sana. Chuo cha Masinde Muliro kiko safari ya matatu tu kutoka Ekero. Kimpe mzee kandarasi ya mihula miwili kama mkufunzi wa karakana, kimlipe kama fundi na siyo kama mgeni wa heshima wa kupigwa picha, na kinunue mashine yake kwa bei inayozidi ya chuma chakavu. Wanafunzi wa Kiswahili, wa habari na wa uhandisi wagawane zamu. Mwisho wa muhula kila kundi litoe kijitabu cha kurasa nane. Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa wafanye vivyo hivyo na mafundi wa Mombasa, ambao baadhi yao tunaswali nao msikiti mmoja na hatujui walikuwa wakifanya kazi gani.

Nilizungumza na mjukuu jioni ile baada ya biriani ya harusi. Anasoma mambo ya kompyuta. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: kama mtu anaweza kuhesabu herufi za Kiswahili katika vitabu vingi kwa programu, aone seti sahihi ya Kiswahili ingekuwa na "a" ngapi na "k" ngapi na "w" ngapi. Nikamwambia hiyo ni kazi ya mchana mmoja kwake, na babu yake amekuwa akiihitaji kwa miaka arubaini. Akaenda kumuuliza babu ni vijumba vipi vinavyoisha kwanza. Niliwaacha wawili hao wamejiinamia kwenye trei ya "w" wakiwa na tochi ya simu, maana umeme ulikuwa umepotea.

Nimempigia mzee juzi. Mashine bado ipo. Mnunuzi amepandisha bei kidogo na mzee hajamjibu, lakini mvua zimeanza na paa linavuja upande wa kabati la trei. Mhadhiri yeyote anayetaka kuiona asingoje barua ya idara. Afike Ekero siku ya soko, aulize kwa mzee wa chapa.